Jiwe la Kuingilia Mjini

Paukwa!

"Pakawa!"

Aa, hiyo pakawa ya wenye usingizi. We Chengo, ugali umeshakulevya? Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao. Katikati ya mji palikuwa na chemchemi, na kando yake aliishi mganga, Bi Kobe. Kila mtu alitaka kwenda huko, tena asubuhi ileile. Tembo akaenda peke yake, mgongo mtupu. Kiboko peke yake, mgongo mtupu. Nyati peke yake...

"Mgongo mtupu!"

Mmeshanielewa. Njia ya kuingilia mjini ikajaa pomoni.

Siku moja mtoto wa Bi Digidigi akashikwa na homa. Mama akambeba, akaenda kwa Bi Kobe. Akakwama nyuma ya makalio ya Kiboko mpaka jua la utosi. Akarudi nyumbani analia.

Wanyama wakaona aibu. Kiboko akasema njia ipanuliwe. Wakakata miti, wakapanua. Basi hata waliokuwa wakibaki nyumbani wakaja, njia ikajaa pomoni. Bi Digidigi akaenda, akakwama, akarudi.

Nyati akasema watu waombwe kwa upole, asiye na haraka asije asubuhi. Wakaombwa. Nani alibaki nyumbani?

"Hakuna!"

Kumbe wote wana haraka. Bi Digidigi akaenda, akakwama, akarudi. Sasa mtoto hafumbui macho.

Hapo akasimama Nungunungu. Huyu mnyama nampenda, hana maneno mengi. Akasema, "Mkubwa anayeingia asubuhi na mgongo mtupu, abebe jiwe kutoka mtoni. Anayekuja jioni asibebe. Anayempakia mwenzake asibebe."

Nyati akafoka kwamba njia ni ya wote.

"Shangazi, na asiye na nguvu je?"

Umeuliza vizuri, Mwanahawa. Punda mzee aliuliza hivyohivyo. Nungunungu akamjibu kwamba mawe hayo yatajenga kijia cha wadogo na wazee, na huko hawatadaiwa kitu. Wanyama wakakubali.

Kesho yake Kiboko akalitazama jiwe, akakumbuka kwamba jioni nako kuna kibaridi kizuri. Nyati akampakia Ngiri na Sungura, amenuna njia nzima. Tembo alikuwa na haraka ya kweli, akabeba jiwe. Njia nyeupe! Akafika mara moja, akasema, "Kumbe jiwe ni jepesi kuliko kusimama."

Na Bi Digidigi? Alipita mbio, umande haujakauka. Bi Kobe akamnywesha mtoto dawa. Mtoto akafumbua macho, akaomba uji.

Nungunungu hata sifa hakuomba. Mimi namsifu kwa niaba yake, maana aliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Wakubwa wakiijaza bure njia ya wote, wanangu, mdogo ndiye anayelipa.

Hadithi yangu naiacha hapo, kwenye kijia cha mawe, yule mtoto wa Digidigi anarukaruka juu yake.