Kifuniko Kilicholegezwa

Hapo zamani, si zamani ya mababu, maana umeme ulikuwa ukikatika kama leo, walikuwapo wanakemia watatu katika maabara moja.

Nyamizi aliunda pete. Msidhani ya dhahabu! Molekuli ya duara, isiyoonekana kwa macho, yenye tundu la kupokea metali adimu iitwayo yuropiamu. Ikaharibika, akaunda tena. Ikaharibika, akaunda tena, mpaka ikakubali.

Tumsifu akaichukua pete, akaitia metali. Ukatoka unga, ukawekwa chini ya taa maalumu, ukang'aa mwekundu. Lakini unga hausomeki umbo lake. Inatakiwa fuwele, punje iliyojipanga sawasawa. Tumsifu akayeyusha unga, akaufunga kwenye vichupa, akangoja. Hola. Akayeyusha tena, akangoja tena. Hola.

Shekue alikuwa bwana wa mashine ya eksirei. Fuwele ikipatikana, yeye ndiye angesoma metali imekaaje ndani ya pete.

Profesa, mkuu wa maabara ile, akasema, "Atakayestahili atakwenda kusomea udaktari wa kemia. Nafasi ni moja."

Basi kila mgeni alioneshwa ule wekundu, akaambiwa: "Kazi ya Tumsifu hiyo!" Nyamizi akicheka, roho inamuuma. Pete yangu, sifa zake! Wivu ukamkaba. Siku moja wenzake walipokwenda kula, akalegeza kifuniko cha kichupa kimoja, kikauke, kiharibike. Akanawa mikono, akawafuata mezani.

Kumbe vifuniko vilibanwa mno, maji ya dawa hayakupata pa kuvukia. Kichupa kile kimoja kikakauka polepole, ikaota fuwele.

Shekue akaipiga eksirei, akakuta fuwele mbili zimeng'ang'aniana. Akazitenganisha kwa hesabu mpaka pete ikaonekana, na metali imetulia katikati.

"Bila mimi hiyo ni chembe tu," akasema Shekue.

"Bila mimi usingekuwa na chembe," akasema Tumsifu. "Ila kichupa hiki nilikibana mwenyewe. Nani alikilegeza?"

Profesa akasema, "Aliyekilegeza ndiye aliyeotesha fuwele."

Nyamizi akasimama. "Ni mimi. Na pete ni yangu."

Tumsifu akamkumbatia. "Dada Nyamizi, kumbe ulikuwa unanisaidia!"

"Hapana, mdogo wangu. Nilikuwa nakuharibia. Nilikuonea wivu."

Nafasi ni moja, na Profesa anataka jina.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, na wewe unayeguna huko nyuma: aliyeunda pete akataka kuharibu akaotesha, aliyetia metali akangoja asipate, au aliyesoma kisichosomeka? Je, nani alistahili?