Msomi wa Wakili Kapinga

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu na wanyama wasemao, bali zamani ya juzi tu, ya mihuri na karatasi, aliishi wakili katika mji mdogo wa Kilengwe. Sikilizeni kwa makini, maana hadithi hii mimi sina mwisho wake. Mwisho mtautoa ninyi.

Wakili huyo aliitwa Gaudensi Kapinga. Alizaliwa Kilengwe, nyuma ya kiwanda cha kukoboa kahawa. Akasoma misheni, akaenda chuo kikuu, akavaa joho jeusi la uwakili, kisha akafanya jambo lililowashangaza wenzake wote: akarudi. Akapanga chumba kimoja mkabala na mahakama, akapigilia msumari ukutani, akatundika joho lake, akaanza kazi. Kwa miaka arobaini na moja joho lile lilitoka kwenye msumari kwenda mahakamani, likarudi kwenye msumari. Mabegani likapauka hadi likawa rangi ya chai.

Wakili Kapinga alikuwa na utaratibu wake. Hakuna aliyetia sahihi mbele yake kabla karatasi haijasomwa mara tatu. Mara ya kwanza haraka, upate habari. Mara ya pili polepole, upate maneno. Mara ya tatu unasoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, upate makosa. Asiyejua kusoma alirudia kila sentensi kwa maneno yake mwenyewe. Watu wakatania, "Ukienda kwa Kapinga kutia sahihi, beba na chakula cha mchana." Walitania, lakini walikwenda.

Tena alikuwa na ubahili wa neno moja. Mahakamani mawakili huitana wasomi kutwa nzima: msomi mwenzangu huyu, msomi mwenzangu yule. Kapinga alisema "mwenzangu" tu, akaishia hapo. Neno msomi Kilengwe walilisikia likitoka kinywani mwake kwa watu watatu peke yao.

Wa kwanza alikuwa Eustella Hyera, aliyekwenda kwake akiwa ametoka chuoni, ili ajifunze kazi. Siku moja, wakiwa Mahakama Kuu na kesi yao inakwenda vizuri, Eustella aliona kwamba tarehe kwenye hati yao wenyewe haikuwa sahihi. Upande wa pili hawakuiona. Jaji hakuiona. Akamnong'oneza mwalimu wake. Kapinga akasema, "Umeona wewe, simama useme wewe." Eustella akasimama, akasema. Hati ikatupwa, kesi wakaanza upya. Nje, kwenye ngazi, Kapinga akamwinamia kichwa, akamwita msomi.

Wa pili alikuwa Odilia Mbunda, mkulima wa kahawa, mjane. Alikwenda kwa wakili kwa ajili ya mpaka wa shamba lake, akarudia sentensi kwa maneno yake, kisha akasema, "Mwanangu, nimechoka kurudia. Nifundishe." Alikuwa na miaka sitini na miwili. Kila Jumamosi Kapinga akamfundisha kwenye benchi la ofisi. "Nukta ni mtu amekaa," alimwambia. "Koma ni mtu anavuta pumzi. Bado anasema." Mwaka uliofuata hati ya shamba ikaletwa. Wakili akaisoma haraka, akaisoma polepole. Odilia akaweka kidole chini ya mstari, akafika katikati, akagoma. "Hapa pameandikwa magharibi ya mto. Shamba langu liko mashariki." Kapinga mwenyewe alikuwa amepapita mara mbili. Akasimama, akafunga vifungo vya koti kama aliye mbele ya jaji, akamwita msomi.

Wa tatu alikuwa Bosco Ndunguru, karani wake kwa miaka thelathini. Miaka sita ya mwisho macho ya wakili yalizimika kabisa. Bosco akawa macho yake. Kila jalada, kila barua, kila kifungu cha sheria, Bosco alimsomea. Kapinga alisikiliza, akajibu, na Bosco akachapa. Alimtajia hata alama: "Ndugu Hakimu, koma, naomba, nukta." Mahakamani watu walimsifu mzee asiyeona kwa kukumbuka kila ukurasa. Kila jioni, wakifunga ofisi, Kapinga alimshika bega karani wake, akasema, "Asante, msomi."

Basi kahawa ilipoiva, Wakili Kapinga, baada ya kuugua, akafariki. Mji ulifunga maduka. Siku ya arobaini ilipopita, mjane wake, Mama Skolastika, akawaita wale watatu sebuleni. Joho lilikuwa mapajani mwake, limekunjwa. Akatoa wosia, akampa Eustella, ambaye sasa alikuwa wakili mwenye ofisi yake makao makuu ya mkoa.

"Soma, mwanangu."

Eustella akasoma haraka. Nyumba ya mke. Vitabu viende shule ya sekondari. Kipengele cha nne: joho langu apewe msomi wangu. Akarudi mwanzo wa mstari.

"Jina?" akauliza Bibi Odilia.

"Hakuna jina, bibi."

"Kapinga huyu huyu? Aliyenirudisha nyumbani mara mbili kwa sababu ya herufi?"

Hapo maneno yakaanza.

Eustella akasema, "Joho ni vazi la kazi. Mimi nitalivaa. Nyie mtalitundika liliwe na nondo. Na alinifanya msomi siku niliyosema ukweli uliotuumiza sisi wenyewe."

Bosco akacheka. "Mahakamani kila wakili huitwa msomi, dada Eustella. Hata anayesinzia."

"Huitwa na wengine, kaka Bosco. Si na yeye. Hilo unalijua kuliko mimi."

Bosco akasema, "Sawa. Wewe alikuita mara moja. Mimi miaka sita, kila jioni. Msomi wake ni nani kama si aliyemsomea? Na watu hapa wananijua kama karani. Mama Skolastika, miaka thelathini, karani! Nikipewa joho lile, halitatoka kwenye msumari wake. Lakini mji utajua."

Bibi Odilia akapiga magoti yake kwa viganja. "Wewe ulikuwa msomaji, baba. Redioni pia kuna msomaji wa habari, naye tumpe joho? Huyu binti alikuja kwake ameshasoma. Wewe ulikuja umeshasoma. Mimi alinitoa gizani herufi moja moja. Wote aliwakuta wasomi. Aliyetengenezwa na yeye ni mimi. Ndiyo maana ya neno 'wangu'. Nitalitundika kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, wazee wenzangu waone mwisho wa kidole unafika wapi."

"Bibi, kwa heshima yako," akasema Eustella, "darasa hilo lina watu arobaini waliotolewa gizani kama wewe..."

"Wangapi walimkosoa Kapinga?"

Eustella akaurudisha wosia mezani.

Mama Skolastika akainua mkono. "Kelele zote hizi, na karatasi imesomwa mara moja? Nyumba hii tunasoma mara tatu. Bosco."

Bosco akachukua wosia, akausoma polepole, sauti ile ile aliyomsomea marehemu. Alipofika kipengele cha nne akaharakisha, kisha akaendelea polepole hadi mwisho.

Eustella alikuwa akimtazama. Akauliza, kwa upole wa wakili anayejua anakokwenda, "Kaka Bosco, wosia huu ulimsomea mzee mara ngapi kabla hajatia sahihi?"

Bosco akaanza kuukunja wosia.

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Aa!" akasema Bibi Odilia.

"Kwa nini moja?"

"Alikuwa amechoka. Na aliposema msomi wangu, aliniangalia."

"Kaka Bosco," akasema Eustella, "alikuwa haoni."

Bosco akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Mara ya tatu," akasema Mama Skolastika. "Odilia."

Bibi Odilia akavaa miwani, akaweka wosia mezani, kidole chini ya mstari. Nyumba. Vitabu. Kidole kikatambaa. "Joho. Langu. Apewe. Msomi. Wangu." Kikasimama. Akakirudisha nyuma kidogo, akakisogeza tena. "Hapa pana mkia."

"Mkia gani, bibi?"

"Nukta haina mkia. Hii ina mkia. Hii ni koma." Akavua miwani. "Huyu mtu alikuwa bado anasema."

Wote wakamgeukia Bosco. Bosco akasema yote. Mzee alitaja: joho langu apewe msomi wangu, koma. Kikohozi kikamshika. Mama akaleta chai. Alipomaliza kunywa akasema, "Kipengele cha tano." Bosco angeweza kumkumbusha: mzee, kipengele cha nne bado, msomi wako nani? Hakumkumbusha. Aliogopa kusikia jina lisilo lake. Na alipomsomea, pale alipita haraka, wala hakutaka kupapita tena.

"Lakini ulichapa koma," akasema Eustella taratibu. "Ungeweka nukta, leo tusingejua kitu."

"Alisema koma," akasema Bosco. "Siwezi kuandika nukta ambayo hakuisema."

Basi, wenzangu, tumefika. Aliyeuliza swali lililofungua jambo ni Eustella, na hakuwapo siku hata moja ya ugonjwa. Aliyeiona koma ni Bibi Odilia, na joho lile mahakamani hawezi kulivaa kamwe. Aliyelinyamazia jina ni Bosco, na ni yeye yule aliyeilinda koma, ingawa ilimshtaki. Mama Skolastika amelikunjua joho. Kola ameishika kwa mikono miwili, kama alivyomshikia mumewe kila asubuhi ya kesi ili apitishe mikono, na anasubiri mabega ya kuvishwa.

Haya, semeni. Baada ya koma ile, ninyi mngeandika jina la nani?