Kigoda Kinachotazama Mlango

Enzi hizo, katika jumba la wafalme wa Uskoti, mfalme akiingia kila mtu alisimama, na hakuketi tena mpaka mfalme aende kulala. Mabwana wenye ardhi walisimama, maaskofu walisimama, hata akina mama wajawazito. Mambo ya wakubwa hayo, usiulize.

Ukoo wa Glenarroch, watu wa milima ya kaskazini, ulipewa heshima kupita wote: mkuu wao ndiye aliyeushika upanga wa mfalme, wima, karamu nzima. Mkuu wa wakati huo, Torkil, aliushika tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe pe. Watu walimwonea wivu. Yeye mabega yalimuuma, magoti yalimuuma, na chakula cha karamu alikijua kwa harufu tu.

Mwaka mmoja akaletewa habari kwamba mkewe, Ishbel, yu kitandani hoi na anamwulizia. Torkil akaomba ruhusa. Mfalme akasema, "Baada ya karamu hii, mzee wangu. Bila wewe baraza halina sura." Ikaisha hiyo, ikaja ya wageni wa Ufaransa, ikaja ya mavuno. Kila mara jibu ni lilelile. Torkil akachoka, jamani. Alichoka hata kuomba.

Basi siku moja, watu wamo katika nyama na nyimbo, akaulaza upanga mezani, akaketi sakafuni mbele ya mfalme. Lo! Aliyekuwa akitafuna aliacha, maana adhabu ya kuketi pale ilikuwa kukatwa kichwa.

"Nimechoka, Mtukufu," akasema. "Nikate kichwa au niache niende kwa mke wangu."

Mfalme akalengwalengwa na machozi. Alimpenda kweli mzee yule, na balaa lilikuwa hapo. "Umesimama kwa ajili yangu maisha yako yote," akasema. "Kuanzia leo, wewe na kila mkuu wa ukoo wako mtaketi mbele yangu. Leteni kigoda!"

Ukumbi ukalipuka kwa shangwe, na lile ombi la kwenda kwa mkewe likazama humohumo. Kikaletwa kigoda chenye mto wa hariri. Torkil akakitazama. Sasa hata magoti hakuweza kuyasingizia ili aondoke. Akakigeuza, akampa mfalme mgongo, akaketi akiutazama mlango wa kaskazini, ule wa kutokea kwenda milimani.

"Mwoneni!" mfalme akacheka. "Hata akiketi bado ananilinda!"

Torkil aliketi vivyo hivyo karamu baada ya karamu, mpaka mjumbe wa msiba alipoingia kwa mlango uleule.

Na tangu siku hiyo, wakuu wa Glenarroch peke yao ndio huketi mfalme akiwapo, na kigoda chao huelekezwa mlangoni. Wageni huambiwa kwamba wanamlinda mfalme, na wafalme wenyewe huamini hivyo. Lakini wake zao kule milimani hawadanganyiki. Wanajua kwamba aliyeketi pale anataka kurudi nyumbani.