Gari Tupu Kwenye Mizani

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, viti vya mbele haviumi mtu. Wenye watoto wapakateni, maana leo nawapeleka barabarani.

Palikuwa na dereva mmoja. Jina lake siwaambii, kwa sababu nikilitaja mtaanza kugeuka kumtafuta, na huenda mkampata. Alikuwa dereva hodari, na nasema hodari kweli, simtanii. Miaka kumi na minne ya teksi na hajawahi kugonga hata kuku. Halewi. Hatukani abiria. Simu ikiita yuko kwenye usukani, anaiacha iite mpaka ichoke. Wewe dereva uliyekaa hapa, hebu jiulize katika hayo manne unayo mangapi, halafu tuendelee.

Sasa ile teksi ilizeeka ikafa, na yeye akakaa kijiweni karibu mwaka mzima akiosha magari ya wenzake. Nyumbani watoto walikuwa wanakula, ndiyo, lakini walikuwa wanakula vitumbua vya mama yao. Mwanamume akikaa hivyo mwaka mzima, ndugu zangu, hata kikohozi chake ndani ya nyumba kinapungua sauti. Akina baba mnanielewa.

Siku moja akaitwa na tajiri mwenye kigari cha kubebea magari. Mmeviona hivyo vigari: lori dogo, na nyuma yake jukwaa la chuma linaloinama mpaka chini. Gari linapandishwa, linafungwa mikanda kwenye matairi, safari inaanza. Tajiri akamwambia, "Dereva wangu ameacha kazi, amerudi kwao kulima. Kesho kuna gari la mwalimu mmoja mstaafu linatakiwa mjini kabla ya saa nane mchana. Ukilifikisha salama, hiki kigari ni kazi yako, wala sitafuti mtu mwingine."

"Ahsante sana, tajiri. Mungu akuzidishie."

"Ila leseni yako inaruhusu?"

Dereva akacheka. "Tajiri, mimi leseni ninayo tangu wewe una nywele kichwani. Usiwe na wasiwasi."

Tajiri naye akacheka, akashika kipara chake, akampa ufunguo. Hakuomba kuiona hiyo leseni, maana yule mwalimu alikuwa anampigia simu kila baada ya dakika tano.

Je, dereva alidanganya? Ngojeni kwanza. Katika nchi ya mfano wangu huu, leseni ya gari dogo ilikuwa na ukomo wake: tani tatu na nusu. Zaidi ya hapo unarudi chuo cha udereva wiki chache, unafanya mtihani, unapewa daraja la juu. Dereva wetu alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa amepiga hesabu yake kichwani. Kigari kikiwa kitupu ni tani mbili na robo hivi. Gari la mwalimu ni lile dogo, halifiki tani moja. Jumlisha na mimi mwenyewe na dizeli, hatuvuki tatu na nusu. Basi nimo ndani ya sheria! Chuo nikafanye nini, nikafundishwe udereva na watoto niliowapeleka shule na teksi yangu? Ndivyo alivyowaza, na akalala usingizi mtamu kuliko usiku wowote wa mwaka ule.

Asubuhi akapakia gari la mwalimu, akaondoka akipiga mluzi. Njiani akapita penye viazi. Nyie mnajua dereva na viazi vya njiani! Ukimwona anasimama, ujue ameshakumbuka nyumbani. Akawaza, mwaka mzima mke wangu ananilisha, leo na mimi niingie na kitu. Akapakia magunia matano. Akayaweka wapi? Ndani ya gari la mwalimu, mawili kwenye buti na matatu yamekaa kiti cha nyuma, yamenyooka kama abiria wanaokwenda harusini. Msicheke, na nyie mmefanya.

Akafika mizani. Akapanda juu ya mizani bila wasiwasi wowote, akatoa mkono dirishani. Msimamizi wa mizani alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, miwani imeshuka puani. Akaangalia namba, akasema, "Leseni, dereva."

Akapewa. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. "Dereva, leseni yako mwisho tani tatu na nusu. Hapa mizani inasoma tatu na kilo mia saba na hamsini. Lakini hata hivyo, ngoja nikuambie..."

"Viazi hivyo, mama!" Dereva ameshaweka gia. "Nimekuelewa, nashusha sasa hivi!"

"Dereva, subiri kidogo..."

Dereva hayupo. Ameshaingia uwanjani, anabeba magunia kwa bega, moja baada ya jingine, anayapanga ukutani. Jua linawaka, shati limemganda mgongoni, na saa inakwenda. Saa nne na nusu sasa. Akarudi kwenye mizani anahema. Namba ikasoma tatu na mia mbili na hamsini.

"Umeona, mama? Nimo ndani!"

"Bado, dereva. Shida siyo..."

"Bado?" Akaona kazi inamtoka mikononi, akamwona mke wake mlangoni, akaliona lile beseni la vitumbua. "Mama yangu, nipe nusu saa. Nusu saa tu!"

Mtaniuliza, kwa nini yule mama alimruhusu? Hakumruhusu. Dereva hakungoja ruhusa. Malori nyuma yalikuwa yanapiga honi, mama anafungua mdomo, na kila akifungua mdomo dereva anaitikia "nimeelewa" na kuondoka. Kuna watu wa namna hiyo. Ukianza kuwashauri wanakumalizia sentensi, na wanaimalizia vibaya. Mwenye mke wa namna hiyo asinyooshe kidole, na mwenye mume wa namna hiyo asimkanyage mwenzake mguu.

Safari hii akashusha kila kitu. Gari la mwalimu akalifungua mikanda, akalishusha, akaliegesha kando. Tairi la akiba, chini. Jeki, minyororo, dumu la maji, chini. Akatoa hata zulia la miguuni na kulikung'uta vumbi. Akaingia kwenye mizani mara ya tatu akiwa na jukwaa jeupe, halina hata msumari. Kilo elfu mbili, mia mbili na hamsini. Akazima injini. Akashuka chini mwenyewe, akasimama na mikono kiunoni.

"Haya, mama. Sasa sema. Kuna kosa gani tena? Sijabeba kitu chochote. Nimetakasika!"

Yule mama alitoka kwenye kibanda chake, akamshika mkono taratibu kama mtu anavyomshika mgonjwa, akampeleka mpaka kwenye mlango wa kigari. Akaufungua. Pembeni ya mlango palikuwa na kibao kidogo cha chuma kilichopigiliwa na watu wa kiwandani.

"Nisomee hapo."

Dereva akainama. Kilikuwa na vumbi, akakipangusa kwa kidole. "Uzito wa juu unaoruhusiwa, pamoja na mzigo... kilo elfu nne na mia tano."

"Basi hapo ndipo leseni yako inapopimwa. Tangu asubuhi nataka kukuambia. Leseni haiulizi leo umebeba nini. Inauliza, gari hili limetengenezwa liweze kubeba kiasi gani? Hili ni gari la tani nne na nusu. Likijaa ni la tani nne na nusu, likiwa tupu ni la tani nne na nusu."

"Lakini mama, ni tupu! Si unaona mwenyewe ni tupu?"

"Naona, baba. Ni tupu. Na bado huwezi kuliendesha."

Dereva akakaa chini, palepale kwenye ngazi ya mlango. Ukutani kuna magunia matano ya viazi. Kando kuna gari la mwalimu. Miguuni kuna jeki na minyororo na zulia. Saa tano na robo. Kigari kikazuiliwa mpaka aje mtu mwenye daraja lake. Akampigia tajiri simu, na tajiri akasema, "Mimi nilikuuliza, bwana." Kisha akakata. Saa tisa alasiri akaletwa dereva mwingine, kijana tu, hajui barabara hata nusu ya anavyoijua yeye, lakini leseni yake inatosha gari lenyewe. Huyo ndiye aliyeondoka na kigari, na huyo ndiye anayekiendesha mpaka leo. Yule hodari wetu alirudi nyumbani na viazi.

Mnamwonea huruma? Na mimi namwonea. Nilipoutunga mfano huu nilitaka nimsaidie, nimpe mlango wa kutokea. Nikashindwa, kwa sababu nilijiona mwenyewe nimekaa kwenye ile ngazi.

Ndugu zangu, sisi hapa ni mabingwa wa kushusha mizigo. Tunaingia kanisani na tunaanza kumhesabia Mungu vitu tulivyoshusha. Bwana, pombe niliacha, iko pale ukutani. Kusengenya nimeshusha, isipokuwa Jumamosi kwa mama fulani, nako napunguza. Siibi. Sipigi mke. Sina kesi na jirani yeyote. Tunarudi kwenye mizani mara ya pili, mara ya tatu, kila mara tukiwa wepesi zaidi, na mwisho tunasimama na mikono kiunoni: Bwana, sijabeba kitu! Mimi sijamkosea mtu!

Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba ni kweli. Jukwaa limefagiliwa, halina doa.

Halafu Mungu anakushika mkono taratibu, anakupeleka mlangoni. Nisomee hapo. Nilikutengeneza ubebe kiasi gani? Hiyo mikono niliipigilia ibebe nani? Hayo masikio niliyakusudia yasikilize kilio cha watu wangapi? Wewe unanionyesha utupu wako kama cheti, na mimi sikukuuliza kama uko mtupu.

Unajua leseni za mioyo yetu ni za ukubwa gani? Sikiliza tunavyosali. Bwana, nilinde mimi, mume wangu na watoto wangu wanne. Amina. Hiyo ni leseni ya gari dogo! Dereva na abiria watano, milango minne, vioo vimepandishwa. Na mtu anayesali hivyo Mungu amemtengeneza abebe mtaa mzima. Ana afya, ana akili, ana chumba kinachokaa wageni wawili kwa mwaka, ana mdomo unaoweza kumtuliza mjane, na anaishi maisha yake yote kwa leseni ya familia moja. Ukimuuliza anakwambia, mchungaji, mimi sina ubaya na mtu. Nani amesema una ubaya? Gari tupu halina ubaya. Limesimama tu mlangoni pa mizani, na watu waliotakiwa kubebwa wanakwenda kwa miguu.

Habari njema ninayo, na ninaisema bila kumumunya maneno. Moyo unaweza kupandishwa daraja. Hauzaliwi nalo, unajifunza. Unaanza na mtu mmoja asiye wa nyumbani kwako, unajifunza kumbeba, unakosea kona, unarekebisha, kesho unaweza wawili. Nimewaona watu wazima wenye mvi wakijifunza humu humu ndani. Nimewaona watu wagumu, ambao hata salamu walikuwa wanaitoa kwa kupima, leo nyumba zao hazifungwi mlango kwa wanaoingia na shida. Mungu hatuiti leo tujishushe tu. Anatuita tukapakie.

Kwa hiyo kabla hatujasimama kuimba, nina jambo moja. Mzee Nyagawa, yule aliyekuwa akitushonea viatu pale nyuma ya soko, yuko wodini wiki ya tatu sasa, na kitabu cha wageni cha kitanda chake nimekiona mwenyewe jana, kina jina langu peke yake. Usinifuate pale mlangoni kunieleza kwamba hujawahi kumkosea yule mzee. Najua hujamkosea. Nakuuliza, utakwenda saa ngapi?