Aliyezima Nyumba Nzima

Kwanza naiomba radhi kwaya. Nilikusudia kuanza kwa vitendo. Niliona taa inawaka bure pale nyuma ya madhabahu, na jua limejaa madirishani, nikajisemea: mchungaji mgeni, waonyeshe hawa watu. Nikabonyeza swichi. Taa ikabaki inawaka, kinanda kikanyamaza katikati ya ubeti, na yule mama wa sauti ya kwanza akaachwa peke yake huko juu, hana pa kushukia. Mama, nisamehe. Nimehubiri nchi nyingi, na kila nilikopita wananikumbuka kwa jambo la namna hii.

Haya, tuendelee. Tumesomewa tangazo kwamba shule ya hapa jirani inaziomba familia zote ziungane nayo: kila Jumamosi alasiri, shuleni na majumbani, tuzime umeme usio wa lazima, ili tuyatunze mazingira. Ni jambo jema. Umeme hauoti ukutani. Kuna mto umezuiwa mahali, kuna gesi inachomwa mahali, ili mimi niache televisheni ikiongea na makochi. Ila kabla hatujaenda kuzima, sikilizeni habari ya baba mmoja.

Baba huyu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, huko kwenye milima yenye baridi. Mwalimu mkuu alipoleta wazo kama hili letu kwenye mkutano wa wazazi, alisema maneno machache tu: "Kila mmoja aanze na kilicho chake." Mwenyekiti akaona hayo ni madogo. Akasimama. "Mimi kwangu sizimi taa moja moja kama mtu anayenyonyoa kuku. Nashusha swichi kuu!" Wazazi wakapiga makofi. Nani kati yetu hapendi makofi?

Sasa, mkewe alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku dogo la umeme lililokaa chumba cha nyuma. Mayai yaliyokuwamo wiki hiyo hayakuwa yake. Yalikuwa ya bibi mmoja jirani, anayeishi juu kabisa kilimani. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umepita kwenye banda la bibi huyo ukamaliza kuku wote. Mayai aliyowahi kuyaokota ndiyo yalikuwa mifugo yake yote iliyobaki. Na Jumamosi hiyo yalikuwa yameanza kutoboka. Ukiinamisha sikio, unawasikia vifaranga wakilia ndani.

Mama alipokuwa anatoka kwenda msibani akasema, "Baba watoto, ile mashine usiiguse. Mayai ya bibi yanaanguliwa leo."

"Sawa, sawa, mke wangu," mume akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Saa tisa ikafika. Akashusha swichi kuu, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi la wazazi: "Kwa mwenyekiti, tayari!" Madole gumba yakamiminika. Halafu baridi ikaanza kumwingia. Nyumba kimya, simu inakata chaji, na mpira ndio kwanza unaanza. Afanyeje? Akaingia kwenye gari lake pale uani, akapandisha vioo, akawasha injini, akawasha hita, akachomeka simu, akafungulia redio. Joto likamkolea. Usingizi ukamchukua hata bao la kwanza halijafungwa.

Mkewe alirudi jioni. Alisikia injini kabla hajafika getini. Alipoona nyumba haina taa, hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafungua mashine, akaingiza mkono. Mayai yalikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Kwenye baadhi, mdomo wa kifaranga ulikuwa umeshatokeza nje ya ganda. Haukusogea.

Akatoka, akagonga kioo cha gari.

"Nani kazima?"

"Mimi!" mume akasema, huku anajifuta mate. "Nimezima nyumba nzima. Hata mwalimu mkuu kanipongeza."

"Mashine ni yangu. Mayai ni ya bibi. Taa ya sebuleni wanasomea watoto. Katika vyote ulivyozima, cha kwako kipi?"

Injini ilikuwa bado inanguruma.

Ndugu zangu, msimcheke sana. Sisi ni hodari wa kuzima vya wenzetu. Tunamfokea binti wa kazi kwa taa ya jikoni, na pampu ya kuoshea gari letu inazunguka tangu asubuhi. Mwalimu anawahimiza wanafunzi wazime taa za bweni, na ofisini kwake birika la umeme linachemka, mnywaji hayupo. Nimetembea sana, na bado sijafika mahali ambapo watu wanaona uzito kutoa sadaka starehe ya jirani. Je, Mungu alipotukabidhi dunia hii tuitunze, alisema gharama alipe nani? Jumamosi tuzime, tena tuzime kweli. Lakini tuulizane kwanza ndani ya nyumba nani anahitaji nini, kisha mkono wako uende kwenye kile ambacho kikizimwa, wewe mwenyewe ndiye utakayekikosa.

Yule baba naye aliliona hilo, ingawa kwa kuchelewa. Akashuka garini, kichwa chini.

"Mke wangu, nimekosa. Acha niende kwa bibi sasa hivi nikamwambie mwenyewe, nimwombe radhi. Kule juu ni mbali, lakini kwa gari ni mara moja tu."

Mkewe akanyoosha mkono.

"Lete funguo. Utapanda kwa miguu."