Binti Kinyonga na Uji wa Shule

Mwaka ule mvua iliipita mbali nchi ya wanyama. Majani yalikauka, mito ikabaki mchanga mtupu, na watoto wakaanza kusinzia darasani kwa njaa. Mfalme Simba, aliyependa kusifiwa kuliko kula, aliamuru kila ukoo utoe unga kidogo ulio nao. Vikapatikana vibuyu thelathini, vikawekwa katika ghala la shule ili kila mtoto apate bakuli la uji saa nne. Upishi akapewa Fisi, kwa kuwa alijitolea hata kabla ya kuombwa.

Katika shule hiyo alisoma Tunu, binti Kinyonga. Hakuwa mtundu wala mkaidi. Alikaa kimya, jicho moja ubaoni, jingine dirishani, na mawazo yake hakuna aliyejua yako wapi. Mwalimu Korongo akimuuliza saba ukitoa tatu, Tunu alianza kuyumba mbele na nyuma. Wenzake walishafika kwenye somo la mito na milima ndipo kiliposikika kisauti kikisema, "Nne." Darasa zima likacheka. Korongo alimwambia mama yake kwamba mtoto ni mvivu.

Fisi akaona pa kupenyea. Alimwendea Simba, akayasifu manyoya ya shingo yake, kisha akamweleza kwamba ni hasara kukilisha kichwa kilicholala. Asiyejibu upesi asipewe uji, njaa itamwamsha. Simba aliona hilo ni shauri la kifalme, akalipitisha bila kumuuliza mtu. Tangu siku hiyo Tunu na wenzake wanne wenye mwendo kama wake wakawa wanatazama wengine wakinywa.

Tunu alikonda hata mkia wake ukashindwa kushika tawi. Siku ya nane mama yake alikuja kumtoa shuleni, akisema heri njaa ya nyumbani kuliko njaa na kuchekwa juu yake.

Njiani walikutana na Sungura, ambaye watoto wake wanane walisoma hapo. Alimuuliza Tunu kulikoni, halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: akaketi, akangoja. Alijikuna sikio la kulia, akajikuna la kushoto, akatazama msafara wa siafu ukipita wote. Alipokuwa karibu kuinuka, Tunu akasema:

"Watoto watano hatunywi uji. Basi unga ungekawia kuisha. Lakini dirisha langu linaelekea ghalani, na mimi hutazama huko. Kila Fisi akipeleka kibuyu kimoja jikoni, hupeleka viwili kwake, kisha huvirudisha. Leo vimebaki sita ambavyo hajavigusa."

"Mbona hukusema, mwanangu?" aliuliza mama yake.

"Nilikuwa nakaribia kusema, mama. Kila mara nilikuta somo limebadilika."

Sungura alijua neno la mtoto anayeitwa mvivu lisingesimama mbele ya Simba. Akaenda kwa mfalme, akamwambia kwamba nchi yenye mfalme mwepesi wa akili kama yeye inastahili shindano la kujibu upesi, wakubwa kwa wadogo. Zawadi ingekuwa paja la nyama kavu. Simba alifurahi, akaita watu wote uwanjani kesho yake kabla ya saa ya uji.

Fisi aliketi mbele kabisa, mate yakimdondoka. Sungura aliuliza buibui ana miguu mingapi. Tumbili akamtangulia Fisi. Akauliza jua huchwea upande gani. Tumbili akamtangulia tena. Fisi akauma meno, macho hayabanduki kwenye nyama.

"Swali la mwisho," Sungura alisema. "Ghalani vimebaki vibuyu vingapi vyenye unga?"

"Sita!" Fisi alidakia, kabla Tumbili hajafumbua mdomo.

Simba alinyanyuka taratibu.

"Asubuhi ya leo," alisema, "uliniambia ni ishirini na viwili."

Fisi alicheka kile kicheko chake, akaanza kueleza kwamba kuna sita na kuna sita, lakini hakuna aliyemsikiliza. Ghala lilifunguliwa. Vibuyu sita vilikuwa na unga. Vingine vilijazwa majivu.

"Jibu lako ni sahihi," Sungura alimwambia. "Umewashinda wote."

Ile nyama ilikwenda kwenye chungu cha shule. Fisi alirudisha unga ambao hajaula, na akatumwa kuchota maji ya shule kutoka bonde la mbali mpaka mvua inyeshe. Simba aliifuta amri, akitangaza kwamba tangu mwanzo hakuipenda.

Mwalimu Korongo alimwomba radhi Mama Kinyonga. Akajifunza kumpa Tunu swali moja, kuwaendea wengine, kisha kumrudia. Tunu hakugeuka kuwa mwepesi. Jicho moja lilibaki dirishani vilevile. Ila sasa alipofika kwenye jibu, alikuta mtu anamngoja.

Waliokuwepo walirudi makwao wakiambiana: mwenda pole hajikwai.