Vidonge vya Bi Dunia

Wahenga hawakusema kwamba pesa haina kazi. Walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Nasri, aliyefanya kazi Dar es Salaam, hakuwa mtoto mchoyo. Kila mama yake, Bi Dunia, alipougua, alituma hela ya hospitali bila kinyongo. Hata hivyo, tangu mjukuu aliyeishi naye Ujiji aolewe, Bi Dunia alikuwa amelazwa mara tatu kwa presha.

Mwenyewe hakuiona sababu. Nani awashe mkaa kwa ajili ya kinywa kimoja? Alikula dagaa wa chumvi na chai, asubuhi na jioni. Vidonge vya presha alivimeza siku kichwa kilipouma tu. Vingine aliviweka akiba.

Mara ya tatu Nasri alipiga simu wodini. "Shikamoo, Mama. Safari hii nimekwama. Tuuze shamba la michikichi la Ilagala."

Bi Dunia alilia kama mtoto. Shamba hilo ndilo lililomlisha tangu afiwe na mumewe.

Aliyemkuta akilia ni Bi Mwavita wa mtaa wa Mwanga, mke mwenzake, ambaye hawakusalimiana naye tangu siku ya matanga ya mume wao. Alikuwa ameleta uji. Akipekua mkoba wa Bi Dunia kutafuta kijiko, akatoa pakiti nane za vidonge visivyoguswa.

"Weye Dunia, hivi unaviwekea arusi?"

"Naogopa vitakwisha."

"Utaanza kwisha wewe! Nahamia kwako. Na mimi kule naongea na kuta tu."

"Tutawezana?"

"Mume tuligawana, vidonge ndivyo vitushinde?"

Bi Dunia akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Nasri hakupenda. "Mama, mtagombana. Bora nikope."

"Mwanangu, hela yako hunikuta hospitali. Mwavita atanikuta jikoni."

Na kweli waligombana, hasa juu ya chumvi. Bi Mwavita alipika migebuka wabichi wa ziwani kwa ndimu, na kila asubuhi alisimama mlangoni na kidonge kiganjani mpaka kimezwe. Kila mwezi daktari alimpima Bi Dunia na kumrudisha nyumbani. Hakulazwa tena. Msimu ulipofika, wajane wale walikwenda Ilagala wakakamua mawese ya shamba ambalo halikuuzwa.

"Mama, hospitali mwezi huu nitume kiasi gani?" Nasri aliuliza.

"Weka iwe nauli, uje utusalimu."

Fimbo ya Nasri ilikuwa ndefu na imara, lakini nyoka alikuwa Ujiji. Na fimbo ya mbali haiui nyoka.